Mshenga kati ya Tokyo na Köln

Babu yangu mzaa mama alikuwa mshenga. Pale Ngamiani, Tanga, wazee wakimwona amevaa kanzu iliyonyooshwa siku isiyo Ijumaa, walijua kuna binti wa mtu anakwenda kuposwa. Alituambia kazi ile ina mzigo ambao watu hawauoni: mshenga anaaminiwa na pande mbili zisizojuana, na upande wowote ukikosea, lawama hubisha hodi kwake kwanza. Namkumbuka sana miaka hii. Kazi ninayoifanya hapa Köln, Ujerumani, kwenye mikataba inaitwa upromota. Nazileta bendi za roki kutoka Japani, nazitafutia kumbi, nauza tiketi, nabandika mabango, nawapokea vijana uwanja wa ndege wakiwa na magitaa mgongoni na usingizi machoni. Watu wa nyumbani wakiniuliza ninafanya nini, nawaambia mimi ni mshenga. Mchumba mmoja yuko Tokyo, mwingine yuko Ulaya.

Mdogo wangu aliyeko Tanga huniuliza kila nikipiga simu: "Dada, hivi hao Wajapani wako wanapata watu kweli huko?" Wanapata. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu wengi wakisikia kwamba roki ya Kijapani haijashika Ulaya, hudhani wapenzi hawapo. Wapenzi wapo, na wanapenda kwa namna ambayo sijaiona kwenye muziki mwingine wowote. Kinachokosekana ni kurudi. Bendi inakuja mara moja, inapokewa kwa machozi, inaondoka, na miaka mitano inapita bila barua wala salamu. Hakuna uchumba unaosimama hivyo.

Niliingia humu kwa mlango wa uani. Nilifika Ujerumani mwaka 2004 kusoma, na kwenye bweni jirani yangu alikuwa msichana wa Leipzig ambaye ukuta wake wote ulijaa picha za vijana wa Kijapani waliojipaka wanja, nywele zimesimama, nguo nyeusi zenye lesi. Mtindo huo, nikaja kujua, unaitwa visual kei, na mizizi yake iko kwa bendi za miaka ya 1980 kama X, ambayo baadaye ilijiita X Japan. Mwaka 2005 alinivuta twende Berlin kuwaona Dir en grey, bendi iliyoanzishwa 1997, ikipiga Ulaya kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulikuwa Columbiahalle, unaoingiza watu 3,500. Redioni sikuwahi kuusikia wimbo wao hata mmoja. Barabarani sikuona bango lao. Lakini tulipofika saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeshapinda kona. Wengi walikuwa wasichana wa miaka kumi na tano hadi ishirini, wengine wamelala pale pale juu ya blanketi tangu usiku, kila mmoja ameandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito ili nafasi yake isichukuliwe. Nikasikia Kipolandi, Kicheki, Kifini, Kirusi. Na taa zilipozimwa, watu wale wote wakaimba kwa Kijapani, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho.

Mwenzangu alitegemea nishangae. Mimi nilijisikia nyumbani. Nimekulia kwenye nyumba iliyocheza Franco na Mbilia Bel kila Jumamosi, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyejua Kilingala. Mama zetu waliimba nyimbo za filamu za Kihindi huku wakipepeta mchele, na taarabu yenyewe imeazima mahadhi mengi kutoka kwenye filamu hizo. Sauti ikikuingia, maana unaitafuta baadaye au unaitunga mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia kikwazo cha roki ya Kijapani ni lugha, namsikiliza kwa heshima lakini simkubalii.

Usiku ule wa Berlin ndio ulionifanya nianze kugawa vipeperushi kwa kujitolea, na ndio uliotupotosha sisi sote tulioingia kazini wakati ule. Tuliona ukumbi umejaa tukadhani tumeuona mji. Watu wale walikuwa Ulaya nzima iliyojikusanya mahali pamoja kwa usiku mmoja. Wamepanda basi kutoka Warsaw, treni kutoka Prague, feri kutoka Helsinki. Mapromota tukapiga hesabu: ikiwa Berlin imeleta maelfu, basi tukienda Berlin, Hamburg, Köln, München na Vienna tutapata maelfu mara tano. Tukayapata maelfu yale yale, yamegawanyika kwa tano. Watoto wale walikuwa na fedha ya tiketi moja na nauli moja. Walichagua mji ulio karibu, na sisi tukabaki na kumbi tano zenye mwangwi. Nimesimama nyuma ya kumbi za namna hiyo mara nyingi, nahesabu vichwa kabla ya wimbo wa kwanza, naona mia na kitu mahali palipotengenezwa kwa watu elfu moja, na najua kwamba juu ya jukwaa kuna kijana aliyesafiri nusu ya dunia ambaye naye anahesabu.

Lakini tuanzie mbali kidogo, maana kuja na kutoweka huku hakukuanza na visual kei. Sadistic Mika Band walizunguka Uingereza pamoja na Roxy Music, bendi ya Kiingereza, mwaka 1975. Bow Wow walipanda jukwaa la tamasha la Reading mwaka 1982, na walipobadili jina kuwa Vow Wow wakahamia London kabisa. Loudness wa Osaka walipata lebo ya Marekani, na albamu yao ya 1985 ikaingia kwenye chati ya Billboard. Shonen Knife, wanawake watatu wa Osaka, walizunguka Uingereza na Nirvana, bendi ya Marekani, mwishoni mwa 1991, wakati dunia ilikuwa inaanza kulijua jina la Nirvana. Na bado, kila bendi mpya ikija, magazeti yanaandika kana kwamba huyu ndiye Mjapani wa kwanza kushika gitaa la umeme. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Roki ya Kijapani imekuja Ulaya kwa miaka hamsini na kila mara inakalishwa sebuleni, inapewa chai, inaulizwa safari ilikuwaje.

Kwa nini bendi hazirudi? Sababu kubwa iko Japani kwenyewe, na haina ubaya wowote ndani yake. Soko la muziki la Japani ni la pili kwa ukubwa duniani baada ya Marekani. Bendi inaweza kuishi maisha mema bila kuvuka bahari. Santuri zinauzwa bado, na sheria yao inaruhusu mchapishaji kupanga bei ambayo duka haliruhusiwi kuishusha, kwa hiyo albamu ya yeni 3,000 inabaki yeni 3,000. Mashabiki wana klabu zao, wanalipa ada kwa mwaka, wanapata tiketi kabla ya wengine. Sasa mwambie mwenye ofisi inayomsimamia msanii aache yote hayo kwa wiki tatu, alipe ndege za watu tisa, aje kupiga mbele ya watu mia nne Köln. Nimewahi kukaa meza moja na meneja mmoja wa makamo, mtu mpole sana, akanionesha daftari lake. Wiki moja ya kumbi za kati kuanzia Nagoya hadi Fukuoka, na wiki tatu za Ulaya. Hakusema neno. Alizigeuza tu zile kurasa mbili mbele yangu, nikaona.

Wakorea hawakuwa na anasa hiyo. Soko lao la ndani ni dogo, ikabidi watoke, na walitoka wakiwa wamejipanga. Wajapani hawakusukumwa na njaa ya namna hiyo, na kwa miaka mingi Ulaya kwao ilikuwa zawadi wanayoipa bendi: njooni muone Paris, mpige maonesho manne, tupate picha nzuri za kuwaonesha mashabiki wa nyumbani.

Halafu kulikuwa na milango iliyofungwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wa leo hawataamini. Kuanzia mwaka 2009 Ujerumani ilikuwa na mgogoro kati ya YouTube na GEMA, chama kinachowakusanyia watunzi mirabaha yao. Ukifungua video ya muziki ulikutana na kiuso chenye huzuni na maneno kwamba samahani, video hii haipatikani nchini mwako. Hiyo ilikuwa kufuli ya upande wetu. Kwa upande wao, lebo nyingi za Japani ziliweka video fupi tu, ubeti mmoja na kiitikio, au zilizifunga zisionekane nje ya Japani kabisa. Kufuli juu ya kufuli. Na huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zilichelewa kuingia: Spotify ilianza Ujerumani mwaka 2012, lakini Japani ilianza tarehe 29 Septemba 2016, na hata baada ya hapo bendi nyingi kubwa zilichukua miaka kabla ya kuweka nyimbo zao.

Fikiria kazi yangu miaka hiyo. Natangaza onesho la bendi ambayo kijana wa Dortmund hawezi kuitazama, hawezi kuisikiliza kihalali, na santuri yake ikiagizwa kutoka Tokyo inagharimu zaidi ya tiketi yenyewe. Mashabiki walijisaidia wao kwa wao: waliandikiana, walitumiana nakala, walitafsiri mashairi usiku kucha wakayagawa bure. Ofisi za Japani ziliwaita wezi. Mimi niliwaona ndio watangazaji wangu pekee, na wasingekuwepo wao nisingeuza tiketi hata kumi. Nilijaribu kulieleza hili Tokyo mara kadhaa kwa maneno laini. Sikufanikiwa. YouTube na GEMA walipatana tarehe 1 Novemba 2016, wiki tano hivi baada ya Spotify kufika Japani. Kufuli mbili zilizotutesa miaka zilifunguka ndani ya msimu mmoja wa mvua za baridi, na hakuna aliyesherehekea isipokuwa sisi wachache tuliokuwa tumekaa mlangoni.

Niseme kuhusu ofisi. Japani msanii ana ofisi yake, na ofisi ndiyo mzazi, ndiyo wakili, ndiyo mlinzi wa sura yake. Sura hasa. Picha haipigwi bila ruhusa, haitolewi bila kupitiwa. Maswali ya mahojiano yanatumwa kabla. Wengine huomba kuisoma makala kabla haijachapwa, na hapo ndipo mwandishi wa Kijerumani anapofunga daftari lake, kwa sababu kwake kuonesha makala kwa anayeandikwa ni kuuza uhuru wake. Nimesimama katikati ya watu hao wawili, wote waadilifu, wote wakilinda kitu cha thamani, na kila mmoja ananitazama mimi kana kwamba nimemletea mtu asiye na adabu. Babu angecheka kwa uchungu kidogo, halafu angeagiza kahawa.

Na saa. Japani imetutangulia saa nane majira ya baridi na saba majira ya joto. Mimi naamka, wao wanafunga kazi. Huko uamuzi hautoki kwa mtu mmoja, unazunguka meza zote kwanza hadi kila mtu amekubali, kisha ndio unatamkwa. Kwa hiyo barua yangu inakaa wiki tatu bila jibu, nami huku mwenye ukumbi ananiuliza kila siku kama naichukua tarehe au ampe mwingine. Kisha jibu linakuja likiwa na kila kitu kimepangwa, hadi saa ya kutangaza: saa mbili usiku ya Tokyo kamili, yaani saa sita mchana kwetu wakati wa baridi, bila dakika moja kabla. Mwanzoni niliona ukaidi. Sasa naona kuna jambo la kujifunza, kwa sababu wakishakubali hawageuki, na miaka hii yote sijaletewa ofa ya kunipunja. Lakini kila wiki tatu nilizosubiri zilikuwa wiki tatu za kuuza tiketi nilizozikosa.

Fedha naileta sasa, maana bila fedha hadithi hii itaonekana ya mapenzi tu. Ujerumani inakata kodi ya zuio kwa msanii wa nje: asilimia 15, na juu yake mchango wa mshikamano, jumla asilimia 15.825. Ofisi ya Japani karibu kila mara huandika kwenye mkataba kwamba malipo ni safi mkononi. Maana yake kodi ni yangu. Na ikiwa yangu, haikokotolewi kwa kile nilicholipa, inakokotolewa kwa jumla ambayo baada ya kukatwa ingebaki hiyo. Bendi ikitaka euro 10,000 safi, mimi ninatoa karibu euro 11,880. Juu yake kuna mchango wa mfuko wa bima ya wasanii, ambao miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 5 ya malipo, hata kama msanii mwenyewe anaishi Yokohama na hatapata senti ya bima hiyo. Kuna GEMA. Kuna ulinzi, mafundi wa sauti, chakula, hoteli, gari. Nimewahi kumaliza usiku ambao ukumbi ulijaa, watu walilia kwa furaha, na mimi nikarudi nyumbani na deni.

Fulana ndizo zinazookoa safari. Hili watu hawalijui: bendi ndogo inaweza kupata zaidi mezani pa fulana kuliko jukwaani. Lakini fulana nazo zina kesi yake forodhani. Magitaa na ngoma zinasafiri kwa hati iitwayo Carnet ATA, mfano wa pasipoti ya vifaa, inagongwa muhuri kila mpaka wa forodha, na tangu Uingereza ilipotoka rasmi kwenye soko la Ulaya mwaka 2021 mihuri imeongezeka. Hati hiyo ni ya vitu vinavyoingia na kutoka. Fulana zinaingia na kubaki, zimevaliwa na watu, kwa hiyo zinalipiwa ushuru. Ofisi mpya haijui, inapakia maboksi sita kwenye mizigo ya kawaida, na tunakaa nao uwanja wa ndege kwa muda wa saa nne wakati mafundi wanasubiri ukumbini. Tena saizi. Fulana kubwa ya Tokyo ni ndogo kwa kijana wa Hamburg. Siku hizi naomba michoro tu, nachapisha hapa hapa.

Umeme pia. Japani inatumia volti 100, Ulaya 230. Kijana mmoja mpiga gitaa, mwaka wangu wa pili kazini, alichomeka vifaa vyake vya miguuni, vile vya kubadili sauti ya gitaa, moja kwa moja ukutani. Moshi kidogo, harufu, kimya. Alipiga magoti pale sakafuni akavigusa kimoja kimoja kama mtu anayeamsha watoto. Fundi wa ukumbi, mzee wa Köln aliyekuwa hajasema neno la ukarimu tangu asubuhi, akaondoka na baiskeli yake bila kuaga, akarudi baada ya saa moja na transfoma na vifaa vya kuazima kutoka kwa marafiki zake. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Baada ya onesho yule kijana aliinama mbele ya mzee yule kwa muda mrefu sana, mpaka mzee akageuka kufuta macho. Tangu siku hiyo transfoma ni kitu cha kwanza kwenye orodha yangu, kabla hata ya maji ya kunywa.

Mambo mengine yamekuwa mazito zaidi siku hizi. Tangu 2022 ndege za Japani na za Ulaya hazipiti anga la Urusi, kwa hiyo Tokyo hadi Frankfurt imeongezeka kama saa mbili na nauli imepanda nayo. Yeni imeshuka: mwaka 2020 euro moja ilikuwa karibu yeni 120, Julai 2024 ilipita 170. Malipo yakiwa kwa yeni, kwangu ni nafuu. Lakini bendi ndogo inayojilipia gari, mafuta na vyumba kwa euro, imeumia vibaya.

Nirudi kwenye jeraha. Miaka ile ya wimbi, kati ya 2005 na 2009, kila mtu alitaka kuwa mshenga. Wengine walikuwa mashabiki wenye moyo safi bila mtaji, wengine walikuwa na mtaji bila moyo. Maonesho yalitangazwa kabla ya mikataba kusainiwa, yakafutwa. Hata wakubwa yaliwakuta: X Japan walitangazwa kupiga Paris Julai 2008, tarehe ikasogezwa Novemba, kisha onesho likafutwa. Mimi yangu ilikuwa 2009. Ziara nzima ya bendi moja ilivunjika siku kumi na mbili kabla, na upande uliokuwa umeshika fedha za tiketi ukaacha kupokea simu. Sikuwa mwenye kampuni, nilikuwa mtu wa promosheni tu, lakini jina langu ndilo lililokuwa chini ya barua walizopata mashabiki. Msichana mmoja wa Ureno aliniandikia kwamba alifanya kazi ya kuosha vyombo mapumziko yote ili alipie ndege, na ndege hairudishwi. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nadhani watakuja tena. Nilimjibu kwamba sijui. Barua yake ninayo.

Mashabiki waliochomwa hivyo mara mbili au tatu walijifunza kutonunua tiketi mapema. Wanasubiri mpaka bendi itue. Na promota asipoona tiketi zikinunuliwa mapema, anaogopa, anafuta. Hivyo woga ukazaa kile kile ulichokiogopa, na Ulaya bado haijapona kabisa.

Kuna sanduku pia. Onesho la roki ya Kijapani Ulaya mara nyingi hufanyika ndani ya kitu kingine: Japan Expo kule Paris, maonesho ya utamaduni wa Kijapani yanayofanyika tangu 1999 na kuvuta watu zaidi ya laki mbili, au mikusanyiko ya wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hapa Ujerumani. Nayashukuru maonesho hayo kwa dhati, yamelipia tiketi za ndege ambazo sisi tusingeziweza. Anime imetuletea watu wengi kuliko matangazo yote niliyowahi kununua. Lakini wimbo wa kufungulia anime ni sekunde tisini. Nimeona bendi yenye miaka ishirini ya kazi ikipiga saa nzima ya nyimbo zake bora mbele ya watu wanaosubiri, halafu wimbo ule mmoja ukaanza na simu elfu zikanyanyuka juu, na zikashuka ulipokwisha. Mwimbaji alitabasamu. Nilikuwa pembeni ya jukwaa, nikamwona mpiga besi akitazama viatu vyake.

Sisi wa pwani tunalijua sanduku hili. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, na ilikuwa heshima kubwa iliyostahili. Lakini dukani sauti yake iliwekwa kwenye rafu ya "muziki wa dunia", pamoja na kila mtu asiyeimba Kiingereza. Mwenye rafu hakuwa na nia mbaya. Ila anayekuja kutafuta mwimbaji mkubwa hatafuti kwenye rafu ile. Anayekwenda pale anatafuta ugeni. Ndivyo ilivyo kwa bendi zangu: mwandishi anauliza nguo, anauliza wanja, anauliza kama ni kweli mashabiki Japani wanacheza wote kwa mkono mmoja. Gitaa haliulizwi.

Waliovunja sanduku ni waliorudi. Mono wa Tokyo walianza 1999, muziki wao hauna mwimbaji, hauna mavazi ya kushangaza, hauna anime. Walianzia kumbi ndogo za Ulaya, wakalala kwenye sakafu za watu, wakarudi, wakarudi tena, hadi Desemba 2019 wakaadhimisha miaka ishirini kwenye ukumbi wa Barbican, London, wakiwa na okestra. Babymetal, wasichana watatu walioimba juu ya magitaa mazito ya metali, njia yao ilikuwa tofauti kabisa, lakini nao walirudi. Julai 2014 walipiga Paris na hapa Köln, na kwenye tamasha la Sonisphere kule Knebworth, Uingereza, walipangiwa jukwaa dogo wakahamishiwa kubwa. Aprili 2016 walikuwa Wembley Arena, albamu yao ikafika namba 15 Uingereza. Na Desemba mwaka huo huo, baada ya Wembley, walikubali kuwafungulia jukwaa Red Hot Chili Peppers, bendi kubwa ya Marekani. Watu wengi walizungumzia Wembley. Mimi niliheshimu zaidi Desemba. Kukubali kupiga mbele ya watu ambao hawakukujia wewe, baada ya kuwa umeshajaza ukumbi wako mwenyewe, huko ndiko kushika jembe.

Kwa hiyo nimebadilisha kazi yangu. Sichukui tena bendi inayotaka miji minane. Nachukua miji miwili, mitatu ikizidi, kumbi ndogo kuliko uwezo wao, na sisaini mpaka ofisi ikubali kuzungumza kuhusu mwaka unaofuata kabla ya huu. Ofisi nyingi zimekataa. Chache zimekubali, na moja ya hizo ilileta bendi yake kwa mara ya tatu masika haya. Mara ya kwanza watu tisini. Mara ya pili mia mbili na kumi. Mara hii tiketi zote mia nne ziliisha siku nne kabla, na sehemu ya watu hao nawajua kwa majina. Mlangoni alikuja mama mmoja ameshika mkono wa binti wa miaka kama kumi na miwili. Yule mtoto alikuwa na namba imeandikwa mkononi kwa wino mzito, ingawa hakuna foleni ya namba siku hizi na tiketi ziko kwenye simu. Mama yake akaniambia, "Nimemwandikia mimi. Nilitaka awe nayo." Alikuwa Columbiahalle 2005. Namba yake ilikuwa 41.

Nimeandika haya usiku wa manane, na Tokyo ni asubuhi. Barua yangu nimeshaituma. Nimewaomba tarehe mbili za mwezi wa kumi mwakani, Köln na Warsaw.